Jinsi ya kutambua asili ya mapambo ya kale ya fedha ya Waberberi

MAPAMBO ya kale ya fedha kutoka Afrika Kaskazini huuzwa katika maduka ya vitu vya kale mjini Marrakech, Paris na London yakiwa na kibandiko kifupi tu: ‘Kiberberi, karne ya 19’. Aghalabu maneno hayo hayamwambii mnunuzi lolote la maana. Jamii za Waberberi zimetapakaa kutoka oasisi ya Siwa, magharibi mwa Misri, hadi pwani ya Atlantiki nchini Moroko, na kutoka Bahari ya Mediterania hadi Niger na Mali. Kusema kwamba pambo ni la Kiberberi bila kutaja eneo lake ni sawa na kusema kinyago ni cha Kibantu.

Swali la asili si la bei pekee, ingawa bei nayo hupanda na kushuka kwa kulitegemea. Pambo lililopoteza jina la mahali pake hubaki kuwa uzani wa fedha tu, na kitu kinachothaminiwa kwa uzani wake hakiko mbali na tanuri la kuyeyushia. Kila mara bei ya fedha inapopanda katika soko la dunia, kama ilivyotokea Januari 1980 ilipokaribia dola 50 za Marekani kwa aunsi, mapambo yasiyokuwa na historia inayojulikana ndiyo huwa ya kwanza kuwa hatarini.

Makala haya yanaeleza namna wataalamu wanavyofuatilia chimbuko la pambo: kwa umbo lake, ufundi wake, sarafu zilizomo, mihuri iliyogongwa na dalili za matumizi.

WABERBERI NA FEDHA YAO

Jina ‘Waberberi’ walipewa na wageni, na lina uhusiano na neno la Kigiriki na Kilatini lililotumiwa kuwataja watu wa lugha zisizoeleweka. Wenyewe hujiita Imazighen, na lugha yao kwa jumla huitwa Tamazight. Lugha hiyo ilitambuliwa kuwa rasmi katika katiba ya Moroko mwaka wa 2011 na katika ile ya Aljeria mwaka wa 2016. Tangu hapo haja ya kujua nini kilitoka wapi imezidi kupata uzito, kwa sababu mapambo ni miongoni mwa ushahidi wa wazi wa utamaduni ambao kwa muda mrefu haukupewa nafasi katika vitabu vya shule.

Katika Kiswahili neno ‘fedha’ hutaja madini na pia pesa. Msomaji wa Kiswahili basi hatapata shida kuelewa hali ya mwanamke wa milimani katika Afrika Kaskazini. Bangili, mikufu na mabizimu aliyopewa wakati wa kuolewa yalikuwa pambo na wakati huohuo akiba. Yalikuwa mali yake mwenyewe. Ukame ulipokuja, au mume alipofariki, aliweza kuuza bangili moja na kubakiza nyingine.

Ndiyo maana mapambo mengi hayakudumu. Bibi alipofariki, baadhi ya vitu vyake viliyeyushwa ili mjukuu atengenezewe vipya. Vita na njaa vilichukua vingine. Mwaka wa 1963, mwaka mmoja baada ya Aljeria kujipatia uhuru, serikali mpya ilianzisha mfuko wa mshikamano, na wanawake wengi wakajitokeza kutoa mapambo yao kulisaidia taifa changa. Kilichobaki leo ni sehemu tu ya kilichokuwapo.

Kutokana na desturi hiyo ya kuyeyusha na kufua upya, pambo la Kiberberi lenye umri wa zaidi ya miaka 200 ni nadra sana. Mengi yanayoitwa ‘ya kale’ yalifuliwa kati ya miaka ya katikati ya karne ya 19 na miaka ya katikati ya karne ya 20. Muuzaji anayedai kuwa na pambo la karne ya 16 ana wajibu wa kuleta ushahidi mzito.

ASILI ZA AINA TATU

Kabla ya kutazama pambo lenyewe, ni vyema kufahamu kwamba neno ‘asili’ lina maana tatu hapa, na kuzichanganya ndiko chanzo cha makosa mengi. Kuna mahali pambo lilipofuliwa, kuna jamii iliyolivaa, na kuna soko lilikouzwa. Mara nyingi mahali hapo patatu hutofautiana.

Sonara alikuwa mtu wa kusafiri. Katika maeneo mengi ya Moroko, Tunisia na Libya, kazi ya fedha ilikuwa mikononi mwa Wayahudi walioishi miongoni mwa Waberberi kwa karne nyingi. Baadhi walikuwa na karakana mijini, na wengine walizunguka kutoka soko moja la wiki hadi jingine wakiwa na nyundo, mvukuto na kalibu zao. Sonara mmoja aliweza kufulia kabila hili bizimu la namna moja na kabila la bonde la pili bizimu la namna nyingine, kwa kuwa kila jamii ilijua inachotaka na haikukubali cha jirani.

Hali hiyo ilibadilika ghafla. Mwaka wa 1948 Moroko ilikuwa na Wayahudi wapatao 250,000. Katika miongo miwili iliyofuata wengi wao walihamia Israeli, Ufaransa na kwingineko. Karakana zilifungwa, na ujuzi uliorithishwa kutoka kwa baba hadi mwana ukakatika katika vijiji vingi. Mafundi Waislamu waliendeleza kazi hiyo mahali kama Tiznit, lakini namna za kale za baadhi ya mabonde zilikoma. Kwa hivyo pambo la namna hizo haliwezi kuwa limefuliwa baada ya kuondoka kwa mafundi wake, isipokuwa kama ni la kuigiza.

Nako kununuliwa mahali fulani si thibitisho la asili. Pambo la Kikabyle huuzwa Tunis, la Kituareg huuzwa Marrakech, na la Moroko huuzwa karibu kila mahali penye watalii.

UMBO NA KAZI YAKE

Pambo linalotajwa zaidi ni bizimu la kufungia nguo mabegani. Vazi la kale la wanawake wa milimani halikushonwa. Lilikuwa kitambaa kipana kilichozungushwa mwilini na kubanwa kwa mabizimu mawili, moja kila bega, yaliyounganishwa kwa mkufu uliopita kifuani. Namna hiyo ya kuvaa ilijulikana katika nchi za Mediterania tangu zama za Warumi.

Kwa hivyo swali la kwanza ni: je, bizimu limekamilika? Mabizimu hayo yalifuliwa mawili mawili. Wachuuzi wengi huyatenganisha ili wauze mara mbili, au huunganisha mawili yasiyokuwa pacha kwa mkufu mpya. Vipimo, michoro na uchakavu wa mabizimu pacha hulingana, ingawa kwa kuwa yalifuliwa kwa mkono hayafanani kabisa. Yakifanana kama sarafu mbili mpya, kuna shaka kwamba yalimwagwa katika kalibu moja ya kisasa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana nafasi nzuri hapa kwa sababu ya lugha yake. Wakabyle wa Aljeria huliita bizimu la mviringo ‘tabzimt’, neno ambalo shina lake ni lilelile la Kiarabu lililotupa ‘bizimu’. Kikasha cha fedha cha kuhifadhia maandishi ya kinga huitwa ‘herz’ nchini Moroko, na pwani ya Kenya huitwa hirizi. Jiwe jekundu la baharini ni ‘marjan’ kule na marijani huku. Maneno hayo yalisafiri na Kiarabu pande zote mbili za bara, ingawa vitu vyenyewe vilichukua sura mbalimbali kila mahali.

ALJERIA: KABYLIA NA AURÈS

Mapambo yaliyo rahisi zaidi kutambuliwa ni ya Kabylia, eneo la milima mashariki mwa mji wa Algiers, na hasa ya Ath Yenni, kundi la vijiji katika mkoa wa Tizi Ouzou. Alama yake ni enameli, yaani kioo kilichosagwa, kikatiwa rangi na kuyeyushwa kwa moto juu ya fedha. Rangi ni tatu: buluu na kijani zinazopitisha mwanga, na manjano isiyopitisha. Kila rangi hukaa ndani ya kijumba kilichozungushiwa uzi wa fedha uliolehemiwa. Juu yake hupachikwa vipande vya marijani nyekundu kutoka pwani ya Mediterania.

Inaaminika kwamba ufundi huo ulifika Afrika Kaskazini pamoja na wakimbizi Waislamu na Wayahudi waliofukuzwa Uhispania baada ya mwaka wa 1492. Vijiji vya Ath Yenni vilisifika pia kwa kuunda silaha, na kijiji kimoja, Aït Larbaa, kilijulikana kwa kughushi sarafu hadi Wafaransa walipoiteka Kabylia mwaka wa 1857. Mikono iliyoweza kudanganya hazina za watawala ilikuwa mikono stadi.

Desturi ilikuwa mama aliyejifungua mtoto wa kiume apewe tabzimt, naye aivae kwenye paji la uso. Mabizimu makubwa ya zamani aghalabu yana enameli hata upande wa nyuma, mahali ambapo hakuna aliyepaona yalipovaliwa. Fundi wa siku hizi anayeuza kwa haraka mara nyingi huuacha upande huo mtupu. Katika karne ya 20, marijani ilipokuwa adimu na ghali, mafundi walianza kutumia seluloidi nyekundu. Kwa hivyo seluloidi haimaanishi kwamba pambo ni la bandia. Humaanisha kwamba si la karne ya 19, au kwamba limewahi kutengenezwa upya.

Kusini-mashariki mwa Kabylia kuna milima ya Aurès, nyumbani kwa Washawiya. Majirani hao wawili hawawezi kuchanganywa. Mapambo ya Aurès hayana enameli. Uzuri wake umo katika fedha yenyewe: mabamba yaliyotobolewa kwa ustadi, nyuzi zilizosokotwa, chembe ndogo za fedha zilizolehemiwa, na vijikufu vingi vinavyoning’inia. Herini zake ni pete pana zinazobeba vishada vya mikufu. Marijani ni chache, na mara nyingine nafasi yake hushikwa na kioo chekundu.

MOROKO: KUTOKA ANTI-ATLAS HADI JANGWANI

Moroko ndiyo yenye namna nyingi zaidi. Kusini-magharibi, katika milima ya Anti-Atlas, kuna Tiznit, mji uliozungushiwa ukuta na Sultani Moulay Hassan wa Kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1880 na ambao hadi leo ni kitovu cha kazi ya fedha. Mabizimu ya eneo hilo ni ya pembetatu, makubwa, na kati ya mawili hayo mara nyingi huning’inia tufe lenye umbo la yai lililopambwa kwa nyuzi na enameli.

Hapa enameli inayotawala ni manjano na kijani. Fundi pia hutumia mchanganyiko mweusi wa fedha, shaba, risasi na salfa, unaojazwa katika michoro ili ionekane wazi. Vioo vyekundu huchukua nafasi ambayo Kabylia ingeweka marijani. Mtu akiona buluu nyingi, marijani nyingi na kijani pamoja, aelekeze macho Aljeria. Akiona manjano na kijani, weusi katika michoro na kioo chekundu, aelekee Anti-Atlas.

Katika mabonde ya kusini mwa Atlas, miongoni mwa Aït Atta, kuna bangili nzito zenye miiba mikubwa inayochomoza pande zote, ambazo hazifanani na za kwingine. Kaharabu nayo, yaani utomvu wa miti uliogeuka jiwe, huonekana kwa wingi katika shanga kubwa za mabonde ya kusini. Katika Atlas ya Kati kazi ni nyepesi zaidi: fedha bapa iliyochorwa kwa kucha ya chuma, bila rangi nyingi.

Rejea muhimu kwa Moroko ni kazi ya Mfaransa Jean Besancenot, aliyezunguka nchini humo katika miaka ya 1930 akipiga picha na kuchora mavazi na mapambo yakiwa bado yanavaliwa. Kitabu chake kuhusu mapambo ya Kiarabu na Kiberberi ya Moroko kilichapishwa mwaka wa 1953. Thamani yake ni kwamba kila pambo limehusishwa na mwanamke wa mahali fulani, si na duka.

TUNISIA, LIBYA NA SIWA

Nchini Tunisia, kisiwa cha Djerba kimekuwa makao ya masonara Wayahudi kwa karne nyingi, na jamii yao ingali huko. Mabizimu ya Tunisia aghalabu yana umbo la pete au hilali, tofauti na pembetatu za magharibi. Baadhi ya mapambo yalipakwa dhahabu juu ya fedha, jambo lisilopendwa sana na watu wa milimani.

Libya ina Waberberi katika milima ya Nafusa, kusini-magharibi mwa Tripoli. Bangili pana zilizogongwa michoro kwa muhuri ni miongoni mwa alama za kazi ya Libya, na nyingi zilifuliwa Tripoli kwa ajili ya wateja wa mashambani. Waosmani walitawala huko hadi mwaka wa 1911, wakifuatwa na Waitaliano, na tawala zote mbili ziliacha mihuri yao juu ya fedha.

Siwa, oasisi ya Kiberberi iliyo mashariki kuliko zote, ina pambo lake maarufu: mduara mzito wa shingoni uitwao ‘aghraw’, unaobeba sahani kubwa ya fedha iliyochorwa, iitwayo ‘adrim’. Msichana asiyeolewa ndiye aliyevaa sahani hiyo. Arusi ilipokaribia alikwenda kwenye chemchemi kuoga, sahani ikavuliwa, naye akamwachia mdogo wake. Ndiyo sababu adrim nyingi zimelainika kwa kusuguliwa na mabega ya dada wengi. Baadhi ya mapambo ya Siwa yalifuliwa na masonara wa Aleksandria na Cairo kwa michoro ya Siwa, na hayo hubeba mihuri ya Misri.

WATUAREG WA JANGWANI

Watuareg wanaoishi Niger, Mali, Aljeria ya kusini na Libya ni Waberberi pia, ingawa wauzaji wengi huwaweka kando. Kazi ya madini kwao hufanywa na tabaka la wahunzi waitwao ‘inadan’. Wao huchonga sura ya pambo kwa nta, huifunika kwa udongo, huyeyusha nta itoke, na kumwaga fedha mahali ilipokuwa. Kalibu huvunjwa kila mara, hivyo hakuna mapambo mawili yanayofanana kabisa. Baadaye uso wa fedha huchorwa mistari na pembetatu ndogo.

Msalaba wa Agadez, uliopewa jina la mji wa kaskazini mwa Niger, ndio pambo lao linalojulikana duniani. Maduka huuza misalaba 21 kama seti, kila mmoja ukipewa jina la mji au oasisi. Seti kamili ni ishara ya biashara ya kisasa kuliko ya kale, kwa kuwa mingi ya misalaba hiyo iliongezwa katika karne ya 20 ili kuwaridhisha wanunuzi. Ule wa Agadez wenyewe una historia ndefu zaidi.

SARAFU: SHAHIDI ANAYEWEZA KUDANGANYA

Fedha ya Waberberi wengi ilitoka katika sarafu. Pale ambapo sarafu hazikuyeyushwa bali zilining’inizwa kwenye pambo, tarehe zake zina faida. Pambo haliwezi kuwa la kale kuliko sarafu iliyo mpya zaidi ndani yake, mradi sarafu hiyo haikuongezwa baadaye. Bizimu lenye sarafu ya Moulay Hassan ya mwaka wa 1299 wa Hijria, yaani 1881 au 1882, halikukamilika kabla ya mwaka huo.

Kinyume chake si kweli. Sarafu ya kale haithibitishi kuwa pambo ni la kale, kwa maana sarafu inaweza kukaa ndani ya mtungi kwa miaka 80 kabla ya kutobolewa.

Mfano mashuhuri ni riale ya Maria Theresa wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka wa 1780, na tangu hapo sarafu yake imeendelea kupigwa ikiwa na tarehe ileile ya 1780. Ilitumika Uhabeshi, Uarabuni na katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako wafanyabiashara wa Zanzibar wa karne ya 19 waliijua vyema, na pia ilifika Sahara. Ina fedha sehemu 833 kwa kila 1,000. Mnunuzi anayeonyeshwa tarehe hiyo kama ushahidi wa umri ameonyeshwa kitu ambacho huenda kilipigwa katika karne ya 20.

Riale hiyohiyo ndiyo iliyowapa masonara wa Oman fedha yao. Ndiyo maana mapambo ya Oman na Yemen, yenye chembe na mikufu mingi, huuzwa mara nyingine kwa jina la Kiberberi, hasa na watu wasiojua Kiarabu wala Tamazight.

MIHURI YA SERIKALI

Baada ya sarafu, mtaalamu hutafuta muhuri, alama ndogo isiyozidi milimita chache inayogongwa kuthibitisha ubora. Lenzi ya kukuza mara kumi yatosha. Mahali pa kutazama ni kwenye pini, kwenye kitanzi cha mkufu, au ukingoni mwa bamba.

Ufaransa ilitawala Aljeria kuanzia 1830 hadi 1962, Tunisia kuanzia 1881 hadi 1956, na sehemu kubwa ya Moroko kuanzia 1912 hadi 1956. Kwa sababu hiyo mihuri mingi ni ya mtindo wa Kifaransa. Kuanzia mwaka wa 1925 Moroko ilitumia kichwa cha kondoo dume kwa vitu vya fedha. Nchini Ufaransa kwenyewe, kichwa cha nguruwe mwitu na kaa ni mihuri iliyoanza mwaka wa 1838 kwa vitu vidogo vya fedha, cha kwanza kwa Paris na cha pili kwa mikoa.

Muhuri wa bata maji mwenye shingo ndefu huwapotosha wengi. Ulianza kutumika Ufaransa mwaka wa 1893 kwa vitu vya fedha ambavyo asili yake haikujulikana, vikiwemo vilivyoingizwa kutoka nje na vilivyouzwa kwa mnada. Muhuri huo hausemi pambo lilitoka wapi. Unasema tu kwamba wakati fulani lilipita Ufaransa, na kwamba hata ofisa wa wakati huo hakujua chimbuko lake.

Mihuri ya Misri hutambulika kwa tarakimu za Kiarabu zinazotaja kiasi cha fedha, kama vile 800 au 900. Ile ya Libya ya zama za Waosmani ina nembo ya sultani iliyoandikwa kwa mkato wa Kiarabu.

Pambo kukosa muhuri si dosari. Mapambo mengi ya milimani hayakufika mbele ya ofisa yeyote, kwani yalitoka mikononi mwa sonara yakaenda moja kwa moja kwa bibi arusi. Ni muhuri wa kuigiza unaopaswa kutiliwa shaka, hasa ukiwa umemwagwa pamoja na pambo badala ya kugongwa. Muhuri uliogongwa una kingo kali. Uliomwagwa una kingo laini kama za sabuni iliyotumika.

VYA BANDIA NA VILIVYOUNGWA

Bandia zipo za aina mbili. Kuna pambo jipya linalouzwa kama la kale, na kuna pambo lililoungwa kutokana na vipande vya mapambo mbalimbali. Aina ya pili ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu kila kipande peke yake ni cha kweli.

Dawa ya hali hiyo ni kutazama nyuma kabla ya mbele. Upande wa nyuma huonyesha lehemu, viraka, pini zilizobadilishwa na alama za nyundo. Lehemu ya fedha ya zamani hufanana na fedha yenyewe. Lehemu ya kijivu yenye madini laini ni kazi ya fundi wa redio, si ya sonara.

Uchakavu nao una mantiki yake. Kitanzi husagika pale kinapokutana na kitanzi kingine. Pini huchimba alama pale inapolala. Bangili hulainika kwa ndani na hukwaruzika kwa nje. Pambo lililokwaruzwa sawasawa kila mahali lilitiwa katika chombo pamoja na mchanga. Hali kadhalika, weusi unaotokana na miaka hukaa katika mabonde ya michoro na kuacha vilele viking’aa, ilhali weusi wa dawa hufunika vyote.

Enameli ya kweli ni baridi na ngumu, na ikivunjika huvunjika kama kioo. Rangi ya plastiki huingia joto upesi mkononi na hukwaruzika kwa ukucha. Marijani ya kweli ni nzito na ina mistari myembamba inayoonekana kwa lenzi. Kuhusu madini yenyewe, sumaku hubaini chuma lakini haitoshi, kwa kuwa michanganyiko ya shaba na nikeli iliyo meupe kama fedha haivutwi nayo. Jiwe la kujaribia na tindikali hutoa jibu, lakini kazi hiyo ifanywe na sonara anayejua, kwenye mahali pasipoonekana.

Kusafisha ni hatari kuliko kuacha. Pambo lililong’arishwa kwa dawa kali hupoteza weusi wa michoro, masalio ya nta na rangi, na wakati mwingine enameli yenyewe.

HATUA ZA KUFUATA

Anayetaka kutambua pambo alilorithi au kununua anashauriwa kufuata mpangilio: kwanza atambue kazi yake mwilini, pili ufundi, tatu rangi na mawe, nne sarafu na mihuri, tano uchakavu. Hitimisho litokane na dalili kadhaa zinazokubaliana, wala si moja. Enameli pekee haitoshi, sarafu pekee haitoshi, na maneno ya muuzaji hayahesabiwi kuwa dalili.

Kisha alinganishe na mapambo ambayo asili yake imethibitishwa. Jumba la makumbusho la Bardo mjini Algiers lina mapambo ya Aljeria. Jumba la utamaduni wa Kiberberi katika bustani ya Majorelle, Marrakech, lilifunguliwa mwaka wa 2011. Makumbusho ya Quai Branly mjini Paris, yaliyofunguliwa mwaka wa 2006, yana hazina kubwa kutoka Afrika Kaskazini. Kwa Kabylia, utafiti wa Henriette Camps-Fabrer uliochapishwa mwaka wa 1970 ungali msingi, na kwa istilahi za zamani kuna kamusi ya mapambo ya Afrika Kaskazini ya Paul Eudel ya mwaka wa 1906.

Upo pia upande wa sheria. Mkataba wa UNESCO wa mwaka wa 1970 unapinga biashara haramu ya mali ya utamaduni, na nchi za Afrika Kaskazini zina sheria za kudhibiti uuzaji wa vitu vya kale nje ya mipaka. Mnunuzi makini huomba stakabadhi na huuliza pambo liliondoka lini katika nchi yake.

Jambo la mwisho ndilo rahisi kuliko yote, nalo hupuuzwa kuliko yote. Mwenye pambo aandike kwenye karatasi anachokijua: lilikuwa la nani, lilinunuliwa wapi, mwaka gani, na kwa nani. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na pambo. Sonara aliyelifua hakuweka jina lake, na mwanamke aliyelivaa hakuulizwa na yeyote. Mapambo mengi yaliyomo masokoni leo yalipoteza asili yake si kwa sababu ya umri, bali kwa sababu mtu mmoja kati ya waliyoyapokea hakuandika mstari mmoja.